Kichwa Ukutani, Mtu Jela: Nyara ni za Nani?

Msomaji wa habari za mahakamani Tanzania anaijua sentensi hii hata kabla haijaisha: "amekutwa na nyara za Serikali." Mshtakiwa aghalabu ni mtu wa kijijini, na nyara yenyewe ni mguu wa pundamilia, kipande cha ngozi ya chui, au meno mawili ya tembo ndani ya kiroba nyuma ya pikipiki. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina mchezo naye. Kutegemea thamani ya alichokutwa nacho, anaweza kwenda jela miaka 20 mpaka 30, na mara nyingi shauri hufunguliwa kama la uhujumu uchumi, ambako hata dhamana ni safari ndefu.

Miezi hiyohiyo ya msimu, kati ya Julai na Desemba, ndege ndogo inatua kwenye uwanja wa vumbi porini. Anashuka mgeni mwenye bunduki yake na leseni ya siku 21, maana simba na tembo hawawindwi kwa safari ya siku mbili tatu. Akifanikiwa, sanduku la mbao litamfuata kwao baada ya miezi kadhaa: fuvu, ngozi iliyotiwa chumvi, pengine pembe. Ndani ya sanduku hilo nako mna nyara. Tofauti ni kwamba zake zina risiti.

Simtetei jangili. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo 110,000. Ilipofika 2014 walikuwa wamebaki kama 43,000, na waliowaua kwa kasi hiyo hawakuwa wakitafuta kitoweo. Ila neno nyara limebeba ukweli ambao mjadala wa uwindaji wa kitalii huupita pembeni. Kwa Kiswahili chetu, nyara ni mali iliyotwaliwa vitani. Watu hutekwa nyara, meli hutekwa nyara. Anayegombea nyara anagombea kuambiwa nani alishinda, na mshindi ndiye anayegawa. Waliolitia neno hilo kwenye sheria walipatia kuliko pengine walivyokusudia.

Maswali matatu katika gunia moja

Bishano hili likianza, iwe kijiweni kwenye kahawa au bungeni, watu hudhani wanabishana juu ya jambo moja. Mmoja anauliza kama uwindaji unamaliza wanyama. Wa pili anauliza fedha zinaishia mfukoni mwa nani. Wa tatu anauliza kama ni halali mtu kuua kiumbe ili akitundike sebuleni. Kisha kila mmoja anamjibu mwenzake kwa jibu la swali lake mwenyewe. Ukisema "ni ukatili", unajibiwa "lakini analipa dola." Ukisema "fedha hazifiki kijijini", unajibiwa "lakini idadi ya simba haijapungua." Majibu yote mawili yanaweza kuwa kweli na yasiguse ulichouliza.

Tuanze na la idadi, kwa kuwa ndilo pekee linalopimika.

Kwa simba, hesabu inategemea pua. Pua ya simba mchanga ni ya waridi, na kadiri anavyokua inaingia madoa meusi mpaka inakaribia kuwa nyeusi yote. Mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni anatakiwa kuisoma pua hiyo kwa darubini kabla ya kuruhusu risasi. Sababu ni hii: dume jipya likilitwaa kundi la simba, huua watoto wa dume lililotangulia ili majike warudi haraka kwenye joto. Ukimpiga dume wa miaka mitatu, hujaua mmoja. Umefungua mlango kwa wageni watakaowamaliza watoto wake wote. Ukisubiri mpaka afikishe miaka mitano au sita, watoto wake wa kwanza wameshajitegemea, na pigo kwa kundi ni dogo. Mahesabu hayo yalichapishwa mwaka 2004 na Craig Packer na wenzake, baada ya miaka mingi ya kufuatilia simba wa Serengeti na Ngorongoro. Tanzania iliyachukua: miaka 6 ikawa umri unaotakiwa, na anayempiga simba wa chini ya miaka 4 huadhibiwa.

Kanuni nzuri. Lakini mwaka 2011 Packer huyohuyo na wenzake waliandika kwamba kwenye vitalu, yaani mapori yaliyokodishwa kwa kampuni za uwindaji, vilivyowindwa zaidi nchini, simba na chui ndiko walikokuwa wamepungua zaidi. Kosa halikuwa kwenye hesabu ya pua. Mgawo wa wanyama, yaani idadi inayoruhusiwa kupigwa, ulikuwa mkubwa kuliko pori lilivyoweza kubeba, na mwenye kitalu anayejua atanyang'anywa kesho hana sababu ya kumwachia simba azeeke leo.

Kwa tembo, hesabu inageuka kabisa, na hapa ndipo wengi wanapotea. Watetezi wa uwindaji hupenda kusema kwamba anayepigwa ni "mzee aliyemaliza kazi yake." Kwa simba neno hilo lina maana. Kwa tembo ni kinyume. Dume la tembo hupevuka mapema, lakini halipati nafasi ya kupanda majike mpaka likomae, na kilele chake cha uzazi ni kati ya miaka 40 na 50. Pembe nazo haziachi kukua maisha yote. Kwa hiyo mwenye pembe kubwa kuliko wote porini, ambaye ndiye mgeni amemlipia, ndiye pia aliye katikati ya kazi yake ya kuzaa, na ndiye anayepitisha damu ya pembe kubwa.

Tanzania inaruhusiwa kusafirisha nyara za tembo 50 kwa mwaka. Kati ya tembo wanaokadiriwa kuwa 60,000, huyo ni mmoja katika kila 1,200. Ukitazama jumla pekee, ni kama kuteka maji ya bahari kwa kikombe. Ila hao 50 hawachukuliwi popote tu. Tembo wenye pembe zinazofika kilo 45 kila upande wanahesabiwa kwa makumi katika Afrika yote, na baadhi yao wanaishi kati ya Amboseli, Kenya, na mapori ya Longido upande wa Tanzania. Tembo hawa hawana pasipoti. Asubuhi wako Kenya, ambako uwindaji ni marufuku tangu 1977; jioni wamevuka kuingia Enduimet, hifadhi ya jamii inayosimamiwa na vijiji vya Longido, ambako kuna kitalu. Wavulana wa kuchunga ng'ombe wanawajua. Watafiti wa Amboseli, walioanza kazi yao mwaka 1972, wanawajua kwa majina, kwa mikato ya masikio na kwa koo zao.

Katikati ya miaka ya 1990, baada ya madume kadhaa kupigwa karibu na mpaka, kulikuwa na maelewano kwamba eneo hilo lisiwindwe tembo. Hayakuwa sheria, yalikuwa ungwana tu, na yalidumu kwa karibu miaka 30. Tangu Septemba 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, madume hao walianza kupigwa tena, mmoja baada ya mwingine. Nitarudi kwao.

Kitanda usichokilalia

Mwaka 2015, daktari wa meno kutoka Marekani alimuua simba aitwaye Cecil karibu na Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe. Simba huyo alikuwa na umri wa miaka 13 na alivaa kola ya watafiti wa Oxford. Dunia ikalia. Watu walipeleka wanasesere wa simba na maua mlangoni mwa kliniki ya daktari. Zimbabwe kwenyewe wengi walikuwa hawajawahi kulisikia jina hilo, na walipolisikia, baadhi walishangaa kwamba simba wao amepewa jina la Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza aliyeitwaa nchi yao.

Miaka kumi na moja nyuma, mwezi Aprili 2004, askari wa wanyamapori walimuua simba mwingine, wilayani Rufiji. Huyu naye alikuwa na jina. Wanakijiji walimwita Osama. Alidaiwa kuua watu zaidi ya 30. Alikuwa na jipu kwenye jino. Hakupelekewa ua na mtu. Rufiji na Lindi zilikuwa zimechoka: kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi 308, wengi wao kusini na pwani. Chanzo kikubwa kilikuwa nguruwe pori. Nguruwe wanakuja shambani usiku, mkulima analala kwenye dungu kulinda mpunga au mahindi yake, simba anawafuata nguruwe, na kwenye dungu anamkuta mtu.

Ndiyo maana siwezi kumsikiliza kwa utulivu mtu wa mbali anayesema simba ni urithi wa wanadamu wote, bila kuuliza urithi huo unalala karibu na mlango wa nani. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Mwezi Aprili 2024, Ujerumani ilipokuwa ikizungumzia kubana uingizaji wa nyara, Rais Mokgweetsi Masisi wa Botswana alisema atawatumia Wajerumani tembo 20,000 wakaishi nao wenyewe. Wengine walicheka. Katika nchi yenye tembo karibu 130,000, ambako mtoto anaweza kukutana nao njiani akienda shule, si mzaha mtupu.

Hoja ya fedha inazaliwa hapo, na ina uzito. Sehemu kubwa ya vitalu vya uwindaji Tanzania ni mapori ya miombo yenye mbung'o, hayana barabara, wanyama wametawanyika, na nyasi ni ndefu kiasi kwamba mtalii wa kamera atapita siku nzima akiona migongo tu. Wa kamera wanataka uwanda kama wa Serengeti, na hoteli jioni. Mwindaji anakubali hema, joto na mbung'o, analipa mara nyingi zaidi ya mtalii wa picha, na anahitaji pori libaki pori. Ukimwondoa bila kuweka kitu kingine mahali pake, atakayeingia ni jembe, mkaa na ng'ombe. Baada ya Marekani kusimamisha uingizaji wa nyara za tembo wa Tanzania mwaka 2014, na biashara kudorora, kampuni nyingi zilirudisha vitalu serikalini, na doria zao zikaondoka nazo.

Wakenya ndio mfano unaotajwa kila upande. Walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata wakafunga maduka ya vinyago vya pembe na ngozi. Utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba tangu 1977 idadi ya wanyamapori katika maeneo ya malisho ya Kenya imeshuka kwa wastani wa asilimia 68. "Mnaona?" husema wawindaji. Lakini hao watafiti wenyewe walitaja ongezeko la watu, mifugo, uzio, ukame na sera kwa ujumla. Marufuku haikuwaua wanyama hao. Haikuwaokoa pia. Mfugaji wa Kajiado aliyeambiwa swala anayekula nyasi zake si wake, hawezi kumuuza, hawezi kumla, wala hawezi kumfukuza, alifanya hesabu yake akaweka uzio na kondoo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama fedha za uwindaji zinahifadhi, jibu langu ni kwamba zinaweza, na kwamba mahali pengi Tanzania zimehifadhi eneo kubwa kuliko hifadhi za taifa. Shida ni mgao. Kijiji ndani ya hifadhi ya jamii kinapata sehemu, lakini kitalu, mgawo wa wanyama na bei vinapangwa mbali. Mwanakijiji analetewa nyama ya tembo na, mwaka mzuri, darasa moja. Na yakifika kwenye ardhi, sauti yake ni ndogo zaidi. Loliondo, ambako tangu 1992 kampuni yenye uhusiano na watawala wa Umoja wa Falme za Kiarabu imekuwa ikiwinda, serikali iliweka mipaka kwenye kilomita za mraba 1,500 mwezi Juni 2022. Wamaasai walikataa, polisi mmoja akauawa, watu wakajeruhiwa, na wengine wakavuka kwenda Narok, Kenya, kutafuta matibabu na usalama. Serikali ilisema inalinda vyanzo vya maji na mapito ya nyumbu. Wenyeji walisema wanahamishwa kwa ajili ya bunduki za wageni. Yeyote utakayemwamini, angalia nani alikuwa na hati na nani alikuwa na ng'ombe.

Kuua ili utundike

Tuseme sasa kila kitu kimekaa sawa: simba ana miaka saba, pua nyeusi, ada zimelipwa, kijiji kimepata mgao wake. Je, swali la tatu limekwisha? Kwangu bado, na sidhani ni swali la Wazungu peke yao.

Waislamu wa pwani wamelijua siku nyingi. Kuwinda ili kula kumeruhusiwa ndani ya Kurani. Lakini ipo hadithi ya shomoro aliyeuawa kwa mchezo, atakayemlalamikia muuaji wake siku ya Kiyama kwamba hakumuua kwa manufaa yoyote. Na ipo nyingine ambayo watu huitaja mara chache: Mtume alikataza kutumia ngozi za wanyama wakali. Simba haliwi, ngozi yake isitandikwe. Kinabaki nini cha kumuulia asiyekushambulia wala kula mifugo yako? Hoja ya "nyama inaliwa" inamsaidia mwindaji wa nyati na tembo, haimsaidii wa simba.

Hata hivyo tusijifanye kwamba mababu zetu hawakuonyesha mabaki ya wanyama. Pate walikuwa na siwa ya pembe za ndovu, urefu wa mtu na zaidi, ikipulizwa kwenye sherehe za watawala. Siwa ya Lamu ni ya shaba. Haikuwa pambo, ilikuwa mamlaka, na aliyeishika ndiye aliyesikilizwa. Wamaasai walimvisha aliyetangulia kumchoma simba mkuki manyoya ya shingo ya simba huyo kichwani. Kwa Wasukuma waliohamia Katavi, aliyemuua simba alipita kaya kwa kaya akicheza na ngozi yake, akipewa ng'ombe kwa kuwa ameokoa ng'ombe wa watu.

Ila tazama kinachodaiwa na nyara ya namna hiyo. Muuaji alisimama mbele ya simba na mkuki. Jamii ilijua ni simba gani, kwa nini, na ng'ombe wa nani waliliwa. Ngozi ilikuwa ushahidi wa deni. Na desturi ilipoharibika, ilionekana mara moja: vijana wa Katavi walianza kuua simba wasio na hatia kwa kuvizia zawadi za ng'ombe. Wanakijiji wenyewe, kupitia kampeni iitwayo WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, walipitisha sheria ndogo za kuwakataa wacheza simba, na asiye na ushahidi kwamba simba alishambulia mifugo hapewi kitu. Huko Amboseli tangu 2007 morani wanaajiriwa kuwafuatilia simba na kuwapa majina ya Kimaasai, na ujasiri wao unahesabiwa kwa simba walio hai. Ndiyo kusema maadili haya yanabadilika yakiachwa mikononi mwa wenyewe.

Picha ya mgeni na mnyama wake inafanya kinyume. Kuna ufundi wake: damu inafutwa, ulimi unarudishwa mdomoni, kichwa kinainuliwa kwa gogo, mwindaji anapiga goti nyuma kidogo ili mnyama aonekane mkubwa. Kila kitu kilichotokea kinafichwa ili kibaki kitu ambacho hakikutokea, yaani simba mzima anayemkubali bwana wake. Msaidizi aliyesoma nyayo tangu alfajiri, ambaye bila yeye mgeni angekuwa bado anazunguka, huwa nje ya fremu.

Zulia lililogeuka ushahidi

Ningependa kusema kwamba kuonyesha mabaki kwenye makumbusho ni safi na kuonyesha sebuleni ni uchafu. Historia hainiruhusu.

Simba wawili wa Tsavo, waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898, waliuawa na mhandisi John Henry Patterson. Kwa miaka 25 walikuwa mazulia nyumbani kwake. Mwaka 1924 aliwauza kwa makumbusho ya Field, Chicago, kwa dola 5,000, wakashonwa upya na kusimamishwa, ila wadogo kuliko walivyokuwa kwa sababu ngozi zilikuwa zimepunguzwa ziwe mazulia. Patterson alikuja kudai waliua watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi walipima kemia ya mifupa na nywele zao wakakadiria kama 35. Kisha mwaka 2024, watafiti wakiwemo Ogeto Mwebi wa Makumbusho ya Kenya na Nduhiu Gitahi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitoa nywele zilizonasa kwenye mashimo ya meno yaliyovunjika na kusoma vinasaba vyake: twiga, pundamilia, choroa, kuro, nyumbu, na binadamu. Zulia la bwana mmoja limekuja kusema ukweli kumzidi bwana mwenyewe. Wajenzi wenyewe, Wahindi na Waafrika, hawana sanamu hapo.

Carl Akeley wa makumbusho ya New York alikuwa fundi aliyeacha kujaza ngozi majani makavu kama godoro, akaanza kuchonga mwili wa udongo msuli kwa msuli na kuuvika ngozi. Mwaka 1921 alipanda Mlima Mikeno, Kongo, akaua sokwe wa milimani kwa ajili ya maonyesho. Aliandika kwamba ilihitaji hamu yote ya sayansi kumzuia asijione muuaji. Aliporudi alimshawishi Mfalme Albert wa Ubelgiji kuanzisha hifadhi, ikaanzishwa mwaka 1925. Leo ni Virunga. Alikufa hukohuko mwaka 1926 na kuzikwa mlimani. Sokwe wa milimani sasa ni zaidi ya 1,000, na wale aliowaua bado wamesimama nyuma ya kioo. Je, kifo chao kilinunua hifadhi? Kwa namna fulani, ndiyo. Lakini hiyo haimpi mwindaji wa leo ruhusa ya kusema naye anafanya vivyo hivyo. Akeley hakuwa na kamera ya video ndogo mfukoni, wala aliyetangulia kumwonyesha mtoto wa New York sokwe wa milimani ni mnyama gani.

Theodore Roosevelt naye aliingia Mombasa mwaka 1909, mara tu baada ya kuacha urais wa Marekani. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512, na msafara wote ukapeleka Washington vielelezo zaidi ya 11,000, kuanzia vifaru hadi wadudu. Miongoni mwa vifaru walimo weupe wa kaskazini, waliopigwa Lado, magharibi ya Nile, huku akijua ni wachache. Leo kifaru mweupe wa kaskazini aliye hai ni wawili tu duniani, Najin na Fatu, majike, mama na binti, wanaolindwa kwa bunduki Ol Pejeta, Kenya. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa Machi 2018. Mjukuu wako akitaka kumwona dume, atakata tiketi ya makumbusho.

Lipo onyesho moja ambalo sijalipatia kasoro. Ahmed, ndovu wa Marsabit, pembe zake zilikuwa na kilo 67 kila moja. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe, na walinzi wakawa wanamfuata mchana na usiku. Mwaka 1974 alikufa kwa uzee. Mifupa yake imo ndani ya Makumbusho ya Nairobi, na sanamu yake ya ukubwa wake halisi imesimama uani. Nilimpeleka mwanangu pale akiwa na miaka sita. Alizunguka miguu ya sanamu, akarudi, akauliza, "Baba, nani alimuua?" Nikamwambia hakuna. Hakuniamini. Alishazoea kwamba mnyama akiwa amesimama kimya ndani ya jengo, lazima kuna mtu.

Kwa madume wa Enduimet jibu lingekuwa gumu zaidi. Wapiga risasi walikuwa na leseni. Hilo serikali haikulipinga, na kwa sheria za Tanzania hakuna jangili hapo. Lakini inaripotiwa kwamba baadhi ya mizoga iliteketezwa kwa moto baada ya pembe kutolewa, na watafiti wa Amboseli hawakuweza kuhakikisha wote walikuwa akina nani. Tembo aliyepewa jina, akapigwa picha mwaka hadi mwaka mpaka nywele za wapiga picha zikaota mvi, anaishia kuwa majivu upande mmoja wa mpaka, na upande mwingine wa bahari pembe mbili zisizo na jina, juu ya ukuta ambao hakuna mtoto wa Longido atakayepita mbele yake.